Malaika wa Daraja la Kumi

“Pauni mia tatu na sitini,” alisema Henriette. “Unipatie franga zangu, Papa Makungu. Zote. Leo hii.”

“Nikurudishie kwa kosa gani?” Makungu hakuinua kichwa. Alikuwa anatia zipu kwenye suruali ya mteja, na mguu wake ulibaki palepale juu ya pedali. “Ulikuja hapa na kilio kwamba mtoto halali. Mie nikasema nitamlaza. Kalala, hajalala?”

“Analala saa makumi mbili kwa siku moja.”

“Basi kazi imezidi. Fundi mwengine angekudai nyongeza.”

Ulikuwa utani mbaya, na Makungu aliujua ubaya wake kabla haujamtoka mdomoni. Lakini ndivyo alivyokuwa. Hasira ikimpanda, ulimi unatangulia, yeye anafuata nyuma kuokota alivyovunja. Miaka ishirini na sita alishona nguo kwenye barabara ya Alum Rock, Birmingham, kati ya duka la mboga na duka la vitambaa vya harusi, na hakuna aliyewahi kusema kamdhulumu hata kifungo. Bei zake ziliandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi ukutani. Kupunguza suruali, sita. Zipu, nane. Na chini kabisa, kwa Kiswahili peke yake ili asiyehusika asisome: Kombe, arobaini. Hirizi, sitini. Kazi ya malaika, mia tatu na sitini. Hakuna kupatana.

Henriette hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu wa Bukavu, mjane wa miezi minane, na bado alivaa fulana ya kampuni ya usafi kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja. Alifungua mfuko wake, akatoa kitu kilichokunjwa, akakitupa juu ya suruali ya watu.

“Na hii? Hii pia iko mu bei?”

Kilikuwa mkono wa nguo ya kulalia ya mtoto, wa waridi, una picha za dubu. Umekatwa kwa mkasi. Na ulikuwa umeshikana na kipande cha shuka jeupe, kimekatwa nacho.

Haukushikana. Ulishonwa.

“Kila asubui,” alisema Henriette, na sasa sauti yake ilishuka. “Kila asubui niko namutoa kwa mkasi. Ya kwanza ilikuwa mukono. Kisha magoti. Leo ni kola, hapa, karibu na shingo. Nyumba ni mimi na Orpha tu, na mimi sijui kushona hata kifungo. Docteurs walimupima siku ine, hawaone kitu, wakamurudisha. Pasta akijua nilikuja kwako atanifukuza. Sasa uniambie, Papa Makungu. Nani iko nashona mutoto wangu?”

Makungu aliuinua ule mkono wa nguo kwenye taa.

Mishono ilikuwa midogo, imelalia kushoto kama mvua inayosukumwa na upepo. Kila mshono wa tano ulirudi nyuma kidogo, ukashika, ukaendelea. Mwisho, mafundo matatu. Uzi ulikuwa wa rangi ya shingo ya tausi.

Mguu wake ulishuka wenyewe. Mashine ikakoroma, na sindano ikavunjikia kwenye zipu.

Aliyeshona hivyo alikuwa mtu mmoja tu hapa duniani. Alishona kwa mkono wa kushoto, na kila mshono wa tano aliurudisha kwa sababu mama yake alimfundisha hivyo huko Unguja. Aliitwa Rehana. Alikuwa mke wa Makungu, na alizikwa Februari ya mwaka juzi.

“Nisubiri,” alisema Makungu.

Lakini hakusimama. Alikaa vilevile, na ule mkono mdogo wa nguo kiganjani.

Hapa inabidi tuseme kweli, maana Makungu mwenyewe alijisifu kwa kweli.

Elimu yake aliitafuta peke yake, bila mwalimu. Kitabu cha kwanza cha falaki alikirithi kwa mjomba wake, cha Kiarabu, kimeliwa na mchwa pembeni. Cha pili alikinunua kwa pauni mbili kwenye duka la vitu vya sadaka huko Coventry Road. Kilikuwa chekundu, cha Kiingereza, kimejaa majina ya malaika kwa Kiebrania na namna wachawi wa Kizungu walivyowaita zamani, kwa duara na ubani. Alikisoma na kamusi pembeni, miaka mitatu. Akagundua kwamba vitabu viwili vinasema mambo yaleyale. Jibrili wa huku ni Gavrieli wa kule. Kasfiyaili wa Jumamosi, yule wa mjomba, kitabu chekundu kinamwita Kasieli, malaika wa upweke na machozi. “Malaika hawana pasipoti,” aliwaambia wateja wake, nao wakacheka, wakalipa.

Kitabu chekundu kiliwapanga katika madaraja kumi. Juu kabisa Hayot, wanaokaribia kiti cha enzi. Wa pili Ofanim, magurudumu yaliyojaa macho. Kulikuwa na Serafim wanaowaka, na Hashmalim ambao hunyamaza miaka, wakasema neno moja, wakanyamaza tena. Hao Makungu hakuwahi kuwagusa. “Taka zisipochukuliwa humpigii simu mfalme,” alisema. “Unamtafuta kijana wa lori.” Yeye aliita daraja la kumi, la chini kuliko yote. Ishim. Maana yake ni watu, kwa kuwa ndio walio karibu na watu, na akipita mmoja sokoni huwezi kumtambua.

Hawana sura yao wenyewe, kiliandika kitabu. Huvaa huzuni ya yule anayewaita.

Mstari huo Makungu aliusoma mara moja, akaupita, kama mtu anavyopita maandishi madogo kwenye mkataba.

Na pambizoni, mwenye kitabu wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli: Mpe kazi. Mpe mpaka. Mpe ruhusa ya kuondoka. Hiyo ya tatu aliipigia mstari mara mbili, mpaka karatasi ikachanika.

Henriette alipokuja mara ya kwanza, wiki nne nyuma, alikuja kwa ajili ya usingizi tu. Tangu Athanase, mumewe, afariki, mtoto wao wa miaka tisa alikaa dirishani usiku kucha akimngoja baba arudi kutoka zamu. Makungu alimwonea huruma kweli. Aliandika kombe kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, madaraja kumi kwa duara, katikati jina la Orpha na jina la mama yake, akaliosha kwa maji ya waridi. Orpha akanywa, akakunja uso, akasema kwa Kiingereza kwamba linanuka kama sabuni ya shangazi yake. Yule mtoto kazaliwa Birmingham. Kiswahili cha mama yake alikielewa chote, lakini hakuwahi kukijibu hata kwa neno moja.

Jioni hiyo, Jumamosi, Makungu alipanda chumba cha juu ya duka, akachoma ubani, akaita. Akampa kazi: mlinde mtoto alale. Akampa mpaka: siku tatu.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, giza la Desemba limeshaingia, alipanda ngazi kwenda kutoa ruhusa. Alifika ngazi ya sita.

Tka-tka-tka-tka... tka.

Tka-tka-tka-tka... tka.

Cherehani ya miguu. Ya Rehana. Ilikaa kule juu tangu alipokufa, na hakuna aliyeigusa. Na ilikuwa inachechemea, jinsi ilivyochechemea siku zote, kwa sababu goti la kulia la Rehana lilikuwa bovu na kila baada ya mizunguko minne alilipumzisha.

Makungu alikaa kwenye ngazi.

Maneno ya ruhusa yalikuwa mdomoni. Ni maneno machache mno. Akiyasema, ile sauti itakatika, na haitarudi.

Kesho, alijiambia.

Kesho zikawa ishirini na tano. Kila jioni alifunga duka mapema, akakaa ngazi ya sita na kikombe cha chai, akasikiliza. Wakati mwingine alimsimulia habari za mchana: nani kaleta gauni, nani kapatana bei wakati boksi linasema wazi hakuna kupatana. Hakufungua mlango hata siku moja. Alijua akifungua itanyamaza. Na alijua pia, mahali fulani asipopenda kupatazama, kwamba aliyeitwa kumlinda mtoto hajaachiwa, na asipoachiwa mtoto hataamka. Henriette alipopiga simu wiki ya pili, alimwambia avute subira, dawa inafanya kazi.

Huyo ndiye mtu wa kweli, Makungu.

Sasa alisimama. Akapanda ngazi. Ya sita akaipita.

Chumba kilikuwa kimya. Cherehani ilikaa dirishani, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefifia. Aliweka mkono juu ya pedali ya chuma.

Ilikuwa na joto.

Akavuta droo. Uzi wa tausi aliununua Rehana mwenyewe, roli moja, kwa gauni alilotaka kuvaa siku watakaporudi Unguja. Hakuwahi kulishona. Makungu aliuweka kama ulivyo, mpya, na karatasi yake.

Karatasi ilikuwa pale. Roli ilikuwa imebaki tupu.

Halafu akaisikia harufu. Udi kwanza, ule wa nguo zake. Chini ya udi, kitu kingine, kikali na baridi... Ilikuwa ile dawa ya kusafishia mikono iliyotundikwa kwenye mlango wa wodi alikofia Rehana.

Alishuka mbio. Akafungua mkebe wa pesa, akahesabu mia tatu na sitini, akaziweka mkononi mwa Henriette.

“Haya. Mie sina deni na mtu. Twende kwa mtoto.”

Henriette alizitia mfukoni bila kuzihesabu. “Hii ni ya kwanza,” alisema. “Ya pili ni mutoto.”

Kwenye basi walikaa ghorofa ya chini, bega kwa bega, kama mtu na dada yake. Vioo vimeingia ukungu. Watu walipakata mifuko ya Jumamosi.

“Sema kweli,” alinong’ona Henriette. “Kuna kitu hujaniambia.”

Makungu alitazama mikono yake. “Nilimweka.”

“Nani?”

“Niliyemwita. Nilimpa siku tatu. Siku ya tatu sikumwachia.”

“Juu ya nini?”

“Alikuja na sauti ya mke wangu kwenye cherehani.”

Basi lilisimama, likashusha, likaondoka.

“Mutoto wangu,” alisema mwishowe, polepole, kama anayejifunza sentensi ngeni, “iko nalala ili weye usikie bibi yako iko nashona.”

Makungu alishika nondo ya kiti cha mbele.

“Mimi pia niko na mufu, Papa Makungu. Viatu ya Athanase iko mulangoni mpaka leo. Ningekuambia vile inauma. Lakini singekamata mutoto ya mutu.”

“Najua.”

“Hujui. Ungejua, ungekuja siku ya ine.”

Akageuza uso kuelekea dirishani, akafuta ukungu kwa kiganja, akatazama nje ambako hakuna cha kutazama. Na Makungu, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda ndani ya basi, alibaki na lile alilolikimbia karibu miaka miwili.

Kwa watu wa kwao, mke haondoki duniani bila radhi ya mumewe. Ni maneno ya pumzi moja: niko radhi nawe. Rehana aliyaomba Jumatatu usiku, kitandani wodini, mipira imemwingia puani. “Makungu, nipe radhi yangu.” Akamjibu, radhi ya nini, hufi wewe, Ijumaa unatoka. Jumanne asubuhi akaomba tena. Makungu akakasirika. “Usinitie uchuro, Rehana.” Si kwamba alikuwa na kinyongo naye. Hakuwa na chembe. Lakini alijua akishayasema yale maneno atakuwa amekubali, na yeye hakukubali.

Mara ya tatu aliomba mchana wa Jumanne. Makungu alichukua koti lake. Alitoka, akasema anakwenda kutazama gari. Mashine ya maegesho ilikuwa imemmezea pauni nne bila kutoa risiti, akamkuta mlinzi, akasimama naye dakika ishirini akidai haki yake. Akashinda. Alirudi wodini na sarafu nne mkononi, akakuta pazia limevutwa.

Zile sarafu zimo kwenye mkebe wa vifungo mpaka leo. Hakuweza kuzitumia.

Walishuka Aston, mtaa wa Henriette. Ilikuwa siku ya mechi, magari yamebanana pande zote mbili za mtaa, lakini watu wote walikuwa uwanjani, na njia ilikuwa tupu. Taa za uwanja ziliwaka juu ya mapaa. Mara kwa mara sauti ya maelfu ilipanda, ikashuka, kama kitu kikubwa kinachopumua.

Jirani, Bi Bhanumati, mama mzee wa Kigujarati, alikuwa jikoni kwa Henriette na shali yake mabegani. Alikuwa amekuja kumwangalia mtoto. Henriette alimuuliza kwa Kiingereza kama Orpha kaamka.

“Hapana, binti yangu. Kalala tu.” Bi Bhanumati alikuwa anavaa koti lake. “Lakini sikujua umenunua cherehani. Imeimba muda wote huko juu. Nilitaka kupanda kuiona, halafu... sijui. Miguu ilikataa.”

Alitoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Henriette alitangulia ngazi. Makungu alifuata, na kila hatua udi ulizidi, na chini ya udi ile baridi ya wodini.

Chumba kilikuwa kidogo. Taa ya pembeni, yenye umbo la mwezi. Dirisha lile alilokaa mtoto akimngoja baba. Na kitanda.

Henriette alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo kwa mkono.

Shuka lilikuwa limekunjwa juu ya Orpha kutoka pande zote mbili, na likashonwa. Kuanzia miguuni. Mshono ulipanda katikati kama njia ya siafu, buluu na kijani, umelalia kushoto, ukapita tumboni, ukapita kifuani, ukafika kidevuni. Uso peke yake ulibaki wazi, na ncha za shuka zilikuwa zimeshikizwa pande zote za mashavu, tayari.

Sindano ilikuwa imechomekwa pale mshono ulipokomea. Kutoka kwenye tundu lake ulining’inia uzi usiozidi urefu wa kidole.

Mtoto alikuwa anapumua. Makungu aliinama mpaka akaona shuka likipanda na kushuka. Alijua vizuri kwamba sanda haishonwi. Sanda hufungwa. Aliyajua hayo, na hayakumsaidia kitu.

“Mkasi,” alisema.

Henriette alikuwa nao tayari. Alikata kutoka miguuni, na mishono ikaachia mmoja mmoja. Tk. Tk. Alipofika magotini, Makungu alimgusa mkono kumsimamisha. Alimwonyesha.

Kule miguuni, alikoanzia kukata, mshono ulikuwa umefunga tena.

“Papa Makungu,” alinong’ona Henriette. “Umutoe. Nakuomba. Umutoe.”

Makungu alisimama upande wa kichwa. Akaweka miguu sawa, akaelekea kibla. Aliita majina kwa mpango, kama alivyoita Jumamosi ile, kutoka daraja la kwanza hadi la kumi. Halafu akasema maneno aliyoyafungia siku ishirini na tano.

“Ewe uliyekuja nilipokuita, kazi yako imekwisha. Rudi ulikotoka kwa amani, na amani ibaki baina yangu na wewe. Nimekupa ruhusa.”

Hakuna kilichotokea.

“Nimekupa ruhusa,” alisema mara ya pili, na akasikia sauti yake inakwaruza. Alimwona Rehana kwenye cherehani, mgongo wake, kitenge begani. Hakumwona kwa macho. Alimwona kama anavyomwona kila siku.

“Nimekupa...”

Uwanjani kulilipuka. Watu elfu arobaini kwa sauti moja, dirisha likatetema, na Makungu alilitamka neno la tatu ndani ya kelele hiyo ambamo hata yeye hakujisikia. Halafu kelele ikashuka. Ikazimika kabisa, kama iliyokatwa kwa mkasi.

Midomo ya Orpha ilisogea.

“Uzi umekwisha, Makungu.”

Henriette alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mwanawe hakuwahi kutamka hata *habari* kwa Kiswahili. Na hiki hakikuwa cha Bukavu. Kilikuwa cha Unguja mjini, cha mwanamke mtu mzima, laini, kilichochoka.

Makungu alishika ukingo wa kitanda. “Nimekupa kazi,” alisema. “Nimekupa mpaka. Na ruhusa nimekupa, mara tatu. Nenda. Mwache mtoto wa watu.”

“Hiyo ruhusa ya nani?”

“Yako.”

“Mie sikuomba ruhusa.” Macho ya mtoto hayakufunguka. Chini ya shuka, mkono ulianza kupanda polepole, ukiinua kitambaa. Mkono wa kushoto. “Mie niliomba kitu kingine. Wewe ukenda kutazama gari.”

Makungu aliteremka taratibu mpaka akawa amepiga magoti kando ya kitanda, uso wake sawa na uso wa mtoto. Kitabu kilisema hawana sura, huvaa huzuni ya anayewaita. Basi huenda huyu ni yule wa daraja la kumi, kavaa tu, na hana analolijua zaidi ya kile alichokikuta moyoni mwa Makungu. Au huenda tangu mwanzo hakuja malaika yeyote. Alitazama usoni pa mtoto akitafuta alama, na hakuona. Aliona midomo midogo iliyokauka, na juu ya mdomo wa juu alama ya maziwa ambayo mama mtu hakuwahi kuifuta.

“Rehana,” alisema. “Nikisema, utakwenda.”

Alisogeza uso wake karibu zaidi na wa mtoto.

“Nikisema, sitakusikia tena.”

Sindano ilitikisika pale kidevuni. Peke yake. Ule uzi wa mwisho, urefu wa kidole, ukavutika, ukanyooka.

Mkono wa Henriette ulitua begani mwake. Haukuwa mkono wa hasira. Ulikuwa mzito, na baridi, na ulimbana hadi mfupani.

“Chochote iko nataka,” alinong’ona, “umupatie, Papa Makungu. Mimi nilishamuacha wangu aende. Umupatie.”

“Sikuwahi kumdhulumu mtu,” alisema Makungu, na machozi yalikuwa yameshafika ndevuni bila yeye kujua yalianza lini. “Uliza Alum Rock nzima. Mie sina deni na mtu.”

“Unalo,” ilisema ile sauti.

Shuka lilisogea shavuni mwa mtoto, upana wa uzi.

“Nimekuomba Jumatatu. Nimekuomba Jumanne asubuhi, na mchana. Nipe radhi yangu.”